Kisadri ni lugha kamili au ni Kihindi cha kijijini? Anayewajua watu wa Jharkhand naomba anifafanulie

Mzigo_Muscat

Habari za saa hizi wadau. Niko Muscat, kampuni yetu ina Wahindi wengi sana na masikio yangu yameshazoea, Kihindi nakijua nikikisikia, Kimalayalam nakijua, Kiurdu cha Wapakistani nakijua, hata kama sielewi kila neno. Sasa kuna jamaa wawili tunakaa nao kambi moja, mmoja kwao Simdega jimbo la Jharkhand, mwingine kwao Dibrugarh huko Assam kwenye mashamba ya chai, ukiangalia ramani kati ya hizo sehemu mbili ni zaidi ya kilomita elfu moja, lakini jioni wakikaa nje wanapiga stori kwa lugha yao kama watu waliokua mtaa mmoja. Msimamizi wetu wa Lucknow akipita anasema hawa wanaongea Kihindi kibovu. Wenyewe wakimsikia wananyamaza, na hiyo inaniuma maana nawaona ni watu wa heshima zao.

Nilimuuliza pembeni huyu wa Simdega akaniambia hiyo siyo Kihindi, ni Sadri, na wengine wanaiita Nagpuri. Akasema yeye kabila lake ni Mkharia na Kikharia anakiongea vizuri tu, ila yule mwenzake wa Assam ni Muoraon na lugha ya Waoraon haijui kabisa, kwao nyumbani wanaongea Sadri, wazazi mpaka mabibi.

Sasa naomba anayejua anieleweshe. Ni lugha kamili au ni tawi la Kihindi? Inakuwaje Mkharia na Muoraon wakutane kwenye lugha ambayo siyo ya kabila la yeyote kati yao, na imefikaje Assam? Na hiyo Nagpuri ndo ya ule mji wa Nagpur ulioko Maharashtra, au? Maana kwenye ramani ni kama pande mbili tofauti kabisa.

Dada_wa_Iringa

Kaka karibu, hii mada naipenda mno. Nilisoma Ranchi, mji mkuu wa Jharkhand, na hosteli yetu ilijaa wasichana wa Gumla, Simdega, Lohardaga na Khunti, kwa hiyo Kisadri nimekisikia asubuhi mpaka usiku, jikoni, kanisani, sokoni, kwenye bajaji.

Nianze na huyo msimamizi wenu kwa sababu hilo neno lake ndilo hao watu wanaambiwa kila mahali. Kisadri siyo Kihindi kilichoharibika hata kidogo. Ni lugha iliyo kundi moja na Kibhojpuri na Kimagahi, na hizo zote ukifuata asili yake zinaelekea upande wa Kibengali, Kiodia na Kiassam, hazikutoka Delhi. Kina sarufi yake na kina sheria zake. Mfano mmoja tu, kwenye Kihindi mwanaume akisema naenda anasema kivyake na mwanamke anasema kivyake, kitenzi kinabadilika kufuata jinsia, na sisi Waswahili tukijifunza Kihindi hapo ndo tunapoteseka. Kisadri hakina hiyo kitu, mwanaume na mwanamke wote wanasema moe jaathon, basi, yaani kama sisi na naenda yetu. Na kingine ambacho mimi kilinifurahisha sana, Kihindi kina neno moja tu, hai, kwa kila kitu, iwe ni mtu fulani au yuko mahali fulani, ila Kisadri kinatenganisha. U mor bhai heke, yeye ni kaka yangu. U ghar me ahe, yuko nyumbani. Sasa wewe mwenyewe Mswahili unaona ni na yuko zilivyokaa hapo, Mhindi wa Delhi lazima umweleze mara tatu. Wingi nao ni rahisi, unaongeza man mwishoni, mtoto ni chhauwa, watoto chhauwa-man, yeye ni u, wao ni uman. Kitu cha fulani wanatumia kar, na changu ni mor, chako ni tor. Tor naam ka heke, jina lako nani.

Hiyo Nagpuri siyo ya Maharashtra kabisa, uko sahihi kushangaa. Ni ya Chota Nagpur, ile nyanda ya juu ambayo leo ni Jharkhand na pembeni yake Jashpur ya Chhattisgarh na Sundargarh ya Odisha. Huko walitawala wafalme wa ukoo wa Nagvanshi kwa karne nyingi, mwisho makao yao yalikuwa Palkot halafu Ratu hapo karibu na Ranchi, mpaka miaka ya 1950 serikali ilipofuta mfumo wa wamiliki wakubwa wa ardhi. Kinagpuri kilikuwa lugha ya baraza lao, mashairi yakatungwa kwa lugha hiyo, zamani wakiandika kwa hati ya Kaithi na siku hizi kwa Devanagari ileile ya Kihindi. Kwa hiyo mtu akisema ni lugha ya porini mwambie ilikuwa inaongewa kwa mfalme. Majina ni mengi, Sadri, Sadani, Nagpuri, Nagpuria, Ganwari, wasomi wa Ranchi wanapenda Nagpuri na watu wa mashamba ya chai wanapenda Sadri, ni mambo yaleyale.

Sasa wenye lugha ni nani. Kuna jamii ambazo Kisadri ni cha nyumbani kwao tangu zamani, wanaitwa Sadan, ndani yake kuna Ahir ambao ni wafugaji, Rautia wakulima, Ghasi wapiga ngoma na zumari, na wengineo wengi wakiwemo Waislamu wa vijijini huko. Halafu kuna makabila ya Adivasi, yaani wenyeji wa asili, Waoraon, Wamunda, Wakharia, na hapa ndo jibu la swali lako. Lugha za hawa watatu haziendani. Kikurukh cha Waoraon ni ndugu wa Kitamil cha kusini kabisa mwa India, Kimundari na Kikharia viko kwenye ukoo ambao ndugu zake wa mbali ni Kikhmer cha Kambodia na Kivietnam, na Kisadri chenyewe kiko upande wa Kihindi na Kibengali. Yaani familia tatu za lugha zinakutana kwenye gulio moja, na gulio lao linaitwa haat, linafanyika siku maalum ya wiki, mama wa Kioraon ana mboga, fundi chuma ana majembe, Mmunda kaja na kuku, wataelewanaje? Kwa Kisadri. Ndo maana Mkharia wako wa Simdega anakijua sawasawa na lugha ya kwao.

Kuna mzee mmoja alikuwa msomi mkubwa wa isimu, Ram Dayal Munda, alizaliwa 1939 akafariki 2011, alifundisha Marekani chuo cha Minnesota akarudi Ranchi kujenga idara ya lugha za makabila na za mkoa, akawa mpaka makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ranchi. Alikuwa Mmunda, lugha yake Kimundari. Lakini ule usemi wake ambao Jharkhand nzima wanao mdomoni ni wa Kinagpuri, je naachi se baanchi, atakayecheza ndiye atakayesalimika. Alichagua lugha ambayo Muoraon, Mmunda, Mkharia na Msadan wote wanaisikia bila mkalimani.

Kuhusu idadi, sensa ya India ya 2011 inasema waliojiandikisha Sadan au Sadri ni milioni 4.3, na waliojiandikisha Nagpuria wako peke yao, laki 7 na 63 elfu, ukijumlisha ni zaidi ya milioni 5, na hapo hujahesabu wanaoitumia kama lugha ya pili. Halafu hao wote wanamwagwa kwenye kapu la Kihindi. Ile milioni 528 ya wasemaji wa Kihindi ndani yake kuna Kibhojpuri milioni 50, kuna Kichhattisgarhi milioni 16, kuna Kisadri, wote wamehesabiwa Wahindi kwa lugha. Mimi hiyo naiona siyo haki.

Chai_ya_Bonde

Hapo kwa Assam wacha nisaidie, mimi ni wa Kericho na kazi yangu ni ya chai, hii historia nimeisoma sana kwa sababu inanigusa kabisa.

Waingereza walianza kampuni ya chai Assam mwaka 1839 na shida yao ikawa ni watu wa kazi, wenyeji wa Assam walikuwa na mashamba yao ya mpunga, hawakuwa na sababu ya kwenda kuchuma majani ya mzungu kwa pesa kidogo. Kwa hivyo wakatuma mawakala Chota Nagpur, wakala alikuwa anaitwa arkatti, anaingia kijijini wakati wa njaa au wakati ardhi imenyakuliwa na wenye mali, anaahidi mambo mazuri, unasaini kwa kidole gumba na umeisha. Unatembea hadi kwenye reli, unapakiwa treni hadi Goalundo kwa mto, halafu meli ya mvuke inapanda Brahmaputra siku nyingi, na wengi walikufa njiani kwa kipindupindu. Ukifika huko kuna sheria ya 1859 inasema kuvunja mkataba wa kazi ni kosa la jinai, ukitoroka unashikwa kama mwizi. Na wenye mashamba waliwapanga watu kwa madaraja, wale wa milimani wa Chota Nagpur waliwaita watu wa msitu na walisema ndio bora kwa kazi ngumu, wakala alilipwa zaidi akileta hao. Hebu fikirieni mtu kuwekewa bei namna hiyo.

Sasa kwa zile nyumba za safu za shambani, wanaziita lain, utapata Muoraon, Mmunda, Mkharia, Msanthal, Msaora kutoka Odisha, watu wa Bengal, kila mtu na lugha yake. Mtoto anazaliwa hapo. Anaongea nini na jirani? Kisadri kilikuwa tayari kimezoeleka kule walikotoka kwa hivyo ndicho kilisimama, kikachukua maneno ya Kiassam na Kibengali, na ndio hicho leo wanakiita Bagania, yaani cha shambani, au Sadri tu. Vilevile Dooars kaskazini mwa Bengal ambako chai ilianza 1874, Jalpaiguri na Alipurduar huko. Vilevile Sylhet, ambayo sasa iko Bangladesh. Na kuna wengine walipelekwa visiwani Andaman kuanzia 1918 kukata miti, wanaitwa watu wa Ranchi mpaka leo.

Mwaka 1921 wafanyakazi wa bonde la Chargola walichoka, wakatoka shambani kwa maelfu wakisema wanarudi nyumbani, familia nzima na watoto mgongoni, walipofika stesheni ya Chandpur askari wa Kigurkha wakawashambulia usiku. Hiyo stori inafaa ijulikane zaidi ya vile inavyojulikana.

Kitu kinaniudhi hadi wa leo, na yule kijana wa Dibrugarh atakuambia. Muoraon akiwa Jharkhand anatambuliwa kisheria kama kabila la asili, anapata nafasi za shule na kazi zilizotengwa. Akiwa Bengal anatambuliwa pia. Binamu yake wa damu akiwa Assam hatambuliwi, anawekwa kwa kundi lingine, eti kwa sababu siyo wa asili ya Assam. Babu yake alibebwa, hakuomba kwenda. Wamedai hiyo haki miaka na miaka. Chai ya Assam inauzwa dunia nzima na yule mama anaichuma analipwa kwa siku, wanaita hazira, na ni pesa kidogo sana.

Isimu_Mbeya

Nimesoma yote na nimejifunza, asanteni, lakini naomba niweke upande mwingine maana hapa naona tunasifia tu. Mtoa mada mwenyewe kasema, yule wa Assam ni Muoraon na Kikurukh hakijui. Kimeenda wapi? Kimemezwa, na aliyekimeza ni Kisadri.

Sensa hiyohiyo ya 2011 inasema wasemaji wa Kikurukh wamebaki kama milioni 2 hivi na Kikharia kama laki 3, wakati Waoraon wenyewe ni wengi kuliko hiyo namba. Mtu anaanza na Kisadri cha sokoni, anakileta nyumbani kwa sababu mke ni wa kabila jingine, watoto wanakua nacho, kizazi cha tatu Kikurukh kimebaki kwenye nyimbo za matambiko ambazo anayeziimba hazielewi vizuri. Mimi ni Mnyakyusa, nimeliona hili nyumbani kwetu kwa macho yangu, watoto wa kaka yangu wanaongea Kiswahili safi na bibi yao akiongea Kinyakyusa wanamwangalia tu, bibi anaishia kunyamaza mezani. Kwa hiyo nikisikia lugha inayounganisha inasifiwa huwa nauliza, waliounganishwa walipoteza nini?

Na wenyewe Waoraon wameliona. Kuna daktari wa tiba, Narayan Oraon, ametengeneza hati maalum ya Kikurukh inaitwa Tolong Siki na serikali ya Jharkhand ikaitambua, kwa sababu waliona lugha ikikosa hata herufi zake itakwisha. Huyo daktari siyo kwamba anachukia Kisadri, anataka mtoto wa Kioraon awe na kitu cha kwao.

Kwa hiyo swali langu kwa dada wa Iringa, tukipigania Kisadri kitambuliwe si ndo tunakipa rungu la kumalizia hizo ndogo?

Dada_wa_Iringa

Isimu_Mbeya umesema jambo zito na sitalipuuza. Ni kweli Kikurukh kimepungua, na hosteli nilikuwa na rafiki Muoraon wa Jashpur ambaye hili lilimuuma, alikuwa anaandika maneno ya bibi yake kwenye daftari kila likizo. Lakini naomba tuangalie kwa utaratibu nani anammeza nani sa hivi.

Leo pale Ranchi Kisadri ndo kinamezwa. Kihindi kipo shuleni, ofisini, kwenye televisheni, kwenye kila fomu. Mzazi Msadan akihamia mjini anamkataza mtoto Kisadri kwa sababu mwalimu atamcheka, ni lilelile neno la msimamizi wa Muscat. Kwa hiyo Muoraon akiacha Kikurukh leo mjini haendi kwenye Kisadri, anaenda moja kwa moja kwenye Kihindi, na Msadan naye yuko nyuma yake kwenye njia hiyohiyo. Ukikinyima Kisadri kutambuliwa hujamwokoa Mkurukh, umemwongezea Mhindi nafasi.

Halafu ile idara ya Ranchi iliyoanza mwaka 1980 haikuchagua lugha moja, ilifundisha tisa kwa pamoja, tano za makabila, Kisanthali, Kimundari, Kiho, Kikharia na Kikurukh, na nne za mkoa, Kinagpuri, Kikhortha, Kikurmali na Kipanchpargania. Na mwaka 2011 Jharkhand ilipoweka lugha rasmi za pili ziliingia zote hizo kwa mkupuo. Mimi hapo naona njia, Muoraon awe na Kikurukh nyumbani na Kisadri sokoni kama babu yake alivyokuwa, mbona yule Mkharia wa Simdega anavyo vyote viwili na hajapungukiwa? Kilichovunja huo utaratibu ni yale mashamba ya chai aliyoyaeleza Chai_ya_Bonde, ambako watu waling'olewa kijijini wakachanganywa kwa lazima, lugha haikuwa na makosa.

Pia fikiria ambao hawana lugha nyingine ya kurudia. Msadan Kisadri ndo chake tangu mwanzo, na mtoto wa shambani Dibrugarh ndo anacho hichohicho, ukimwambia siyo lugha yake atabaki na nini? Kwenye orodha ya lugha 22 za katiba ya India kutoka Jharkhand imeingia Kisanthali tu, mwaka 2003, na nafurahi kiliingia. Milioni 5 za Kisadri bado ziko nje.

Bangladesh wamefanya jambo zuri sana hapo, mwaka 2017 serikali ilitoa vitabu vya chekechea kwa lugha tano za makabila madogo, Kichakma, Kimarma, Kigaro, Kitripura na Kisadri. Kisadri kwa ajili ya watoto wa Kioraon wa huko. Najua Isimu_Mbeya utasema mbona siyo Kikurukh, na ni hoja, lakini wale watoto wanaongea Kisadri, na mtoto wa miaka mitano anatakiwa aanze na anachokielewa.

Isimu_Mbeya

Hapo kwa mtoto wa miaka mitano nakubaliana na wewe asilimia mia. Msimamo wangu kuhusu lugha ndogo kama Kikurukh na Kikharia unabaki palepale, serikali ikiweka pesa kwenye lugha ya watu milioni 5 iweke na kwenye ile ya watu laki 3, na ianze na ile ndogo maana haina muda.

Katekista_Songea

Niongeze kidogo upande wa kanisa maana wengi hawajui. Chota Nagpur ni moja ya sehemu zenye Wakristo wengi sana kaskazini mwa India, Walutheri wa Gossner kutoka Ujerumani walifika Ranchi 1845, na upande wa Wakatoliki Mjesuiti Mbelgiji Constant Lievens alifika 1885 akawa anawatetea wakulima mahakamani kwenye kesi za ardhi, watu wakamfuata kwa maelfu. Wamisionari walijifunza Kisadri kwa sababu ndicho kilichofika kila kijiji, wakaandika sarufi, mojawapo ni ya padre Mjesuiti Peter Shanti Navrangi ya mwaka 1956. Kardinali Telesphore Toppo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Ranchi na aliyefariki 2023, alikuwa Muoraon wa Gumla, kardinali wa kwanza wa India kutoka makabila ya Adivasi. Nyimbo za misa kwa Kisadri na ngoma ya mandar ni nzuri sana, ukizisikia utataka kusimama.

Mzigo_Muscat

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea yule wa Simdega kwa kumtafsiria, alivyosikia habari ya Ram Dayal Munda alisimama akawaita ndugu zake wengine wawili waje wasikie, wanashangaa Waswahili wanamjua. Yule wa Assam aliposikia habari ya Goalundo alinyamaza kidogo halafu akasema baba wa bibi yake alipita huko kwenye ile meli.

Swali la mwisho, nataka nijifunze walau kusalimia na kuelewa stori zao, nikitafuta mtandaoni Sadri zinakuja picha za vikoti visivyo na mikono. Nisikilize nini? Na mkubwa anaheshimiwaje, kuna shikamoo yao?

Dada_wa_Iringa

Hiyo ni kwa sababu kile kikoti kwa Kihindi nacho kinaitwa sadri. Andika Nagpuri badala yake, muziki wote uko chini ya jina hilo, ni mwingi ajabu, vijana wa Ranchi wanatoa nyimbo mpya kila wiki na harusi za huko hazikamiliki bila hizo. Ila ukitaka Kinagpuri chenyewe chenye maneno mazito anza na wazee. Mtafute Mukund Nayak, katoka kwenye familia ya Ghasi huko hukohuko Simdega, watu ambao kazi yao ilikuwa kupiga muziki na jamii ikawadharau, na serikali ya India ikaja kumpa nishani ya Padma Shri mwaka 2017. Kuna na Madhu Mansuri Hasmukh, Mwislamu, nyimbo zake ziliimbwa kwenye mapambano ya kudai jimbo la Jharkhand mpaka lilipopatikana tarehe 15 Novemba 2000, naye kapata Padma Shri 2020. Sikiliza jhumair kwanza, ndo mtindo wenye maneno ya kusikika taratibu, domkach ni ya harusi na inakimbia. Filamu ya kwanza ya Kinagpuri ni Sona Kar Nagpur ya mwaka 1992, waulize jamaa zako kama wanayo kwenye simu.

Salamu ni johar, hiyo ni kwa wote, mkubwa kwa mdogo, Adivasi kwa Msadan, asubuhi na jioni, unasema johar na unainamisha kichwa kidogo. Ukitaka kumuuliza wa rika lako hali ni kaisan ahis. Kwa mtu mzima usitumie toe, yaani wewe, kabisa, hiyo ni ya marafiki na watoto, tumia raure, ukimwambia mzee wa Kisadri raure utaona uso wake. Na mwezi wa nane au wa tisa waulize Karam ni lini, ni sikukuu yao kubwa, wanakata tawi la mti wa karam wanalisimika katikati ya kiwanja cha ngoma kinachoitwa akhra na wanacheza mpaka asubuhi, wasichana wanakuwa wameotesha shayiri kwenye vikapu siku kadhaa kabla. Hapo Muscat shayiri mtapata, na wakikosa mandar ndoo ya plastiki inapigika, nenda ukacheze nao.

Mzigo_Muscat

Raure nimeiandika. Ya Karam nimeuliza sasa hivi, wanasema wanaifanya kila mwaka kambini, wakipata ruhusa wanaifanyia ghorofani juu, mwaka huu wamesema na mimi niwepo.